Kikohozi cha Lori, Kivinje Hadi Mitwero

Tangu nirudi sijakaza nati moja kwa utulivu. Kila anayepita hapa gereji ananiuliza mambo mawili. La kwanza, Mitwero kulikuwaje. La pili, ile chupa ya ndimu dirishani ni ya nini, na kwa nini namfokea kila anayeigusa. Nimechoka kujibu nusunusu, na nyinyi mmeshaanza kujaza nusu iliyobaki kwa uongo wenu. Basi nimekaa nimeandika yote. Someni, halafu mniache nifanye kazi.

Kivinje

Kwamba nilimwacha mke wangu Zuhura, hilo mnalijua. Msilolijua ni namna nilivyomwacha. Alikwenda kwao Mitwero kumuuguza mama yake, akaniambia wiki mbili. Zikawa nne, zikawa sita. Mimi kila jioni natoka gereji mikono myeusi, nakuta jiko la baridi, nakula mihogo ya kuchoma ya kununua. Siku moja boneti likanibana kidole, nikarudi na njaa na maumivu, nikachukua karatasi nikaandika. Talaka moja. Barua yenyewe ilikuwa mistari mitatu, nikampa dereva aliyekuwa anakwenda Lindi. Kusafisha plagi moja hunichukua muda mrefu zaidi.

Wiki mbili hazikupita nikaanza kuumwa na ile barua. Zuhura ana tabia ya kugonga mfuniko wa chungu kwa mwiko mara tatu, chakula kikiwa tayari, badala ya kuniita. Miaka sita nilikuwa nakasirika, namwambia mimi si kuku. Sasa nikawa nalala chali najaribu kuukumbuka ule mlio, na hauji sawasawa. Aliacha chupa ya ndimu za kuloweka dirishani, alizozianika mwenyewe juani. Nikajiwekea sheria ya kula moja kila Ijumaa, ili zisiishe. Ijumaa ikawa siku ninayoingoja kuliko zote.

Talaka moja inarejewa, mradi mke hajatoka eda. Hilo kila mtu analijua. Lakini mimi chuo cha Kurani nilikiacha mapema nikakimbilia spana, kwa hiyo elimu yangu ya mambo haya ni ya kuokoteza. Nilichokuwa nimekiokota ni kwamba eda ni miezi mitatu, na kwamba kumrejea mke ni lazima mume aende mwenyewe kwa miguu yake amchukue. Sikumuuliza mtu yeyote. Ningemuuliza mwalimu hapa msikitini angejua nimejuta, na angemwambia mkewe, na mkewe angewaambieni nyinyi. Nikahesabu miezi kwa kuutazama mwezi wa juu, nikapata kwamba mwisho wangu ni Jumapili. Tajiri wangu akawa na mzigo wa Kiswere na Lindi. Nikaondoka Jumatatu asubuhi, nina siku sita mkononi kwa safari ya siku mbili.

Lori mnalijua, la tangu wakati wa vita, rangi yake ya kwanza haikumbukwi. Nililitengeneza wiki nzima kama anayempamba bibi harusi. Nilisafisha plagi, nikakaza mikanda, nikabadilisha maji. Hata kifuniko cha tangi la petroli nilikishughulikia. Kwenye mashimo petroli ilikuwa inaruka nje, nami sikutaka kupoteza hata tone, kwa hiyo nilikata kipande cha tyubu, nikakipachika ndani ya kifuniko kikaziba barabara. Nilijisifu sana kwa ule mpira. Nikamwonyesha mpaka Mponda.

Mponda ni utingo wangu, mtu mzima mwenye watoto wanne, Mmatumbi wa milimani, Mkatoliki. Yeye ndiye mtu pekee niliyemwambia ninakwenda kufanya nini Mitwero. Nilimchagua kwa sababu mambo ya eda hayajui, kwa hiyo hawezi kunisema. Alisikiliza, akakuna kidevu.

“Kwetu padri hakubali kuacha,” akasema. “Ukioa umeoa. Shida yetu ni moja tu, kukaa naye.”

Ndimu zilizobaki zilikuwa tatu. Niliifunga chupa kwenye kanga ya Zuhura aliyoiacha kwenye kamba, nikaiweka chini ya kiti.

Kivinje hadi Kiranjeranje

Pale Nangurukuru tulimpakia abiria. Bi Somoe, mpiga ngoma wa unyago, aliyekuwa ameitwa Mitwero kwenda kumcheza mwali. Alikuwa na ngoma tatu zilizofungwa kwa mikeka, na tambuu shavuni.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Ngoma zangu zikae nyuma, mimi nakaa mbele. Na usiendeshe kama unayefukuzwa.”

Mponda akahamia nyuma na mzigo. Tukaenda vizuri kwa muda wa saa moja. Halafu, tukipanda kilima kidogo, lori likakohoa. Mara moja. Kisha mbili. Likaanza kuchechemea, linavuta na kuachia, mpaka tukafika juu tunatambaa. Nikasimamisha. Nikafanya ninachofanya siku zote: nikafungua tangi nikatumbukiza kijiti kupima petroli, nikafunga, kisha nikafungua boneti nikatoa plagi moja moja nikazisafisha. Nikapiga hendeli. Likawaka safi.

“Plagi,” nikamwambia Mponda, kama niliyekwishamaliza kazi.

Baada ya saa moja likakohoa tena. Nikasimama, nikapima, nikasafisha plagi, likawaka. Baada ya saa moja tena. Ndivyo tulivyokwenda siku nzima, na kila nilipoangalia jua niliona linakwenda mbio kuliko sisi.

Karibu na Kiranjeranje tulihitaji maji ya rejeta. Tukaingia kijijini tunakohoa, pa, pa, pa, hatukumkuta mtu hata mmoja. Jiko linafuka, mchi umeegeshwa kwenye kinu, kuku wanatutazama. Mponda akaita hodi mpaka sauti ikamkauka. Bi Somoe ndiye aliyeelewa. Watu wamesikia lori la kukohoa, wakadhani ni bwana shauri wa serikali na watu wake wa kodi, wakaingia porini.

“Nishushieni ngoma moja,” akasema.

Akakaa chini, akaipiga. Sikuwahi kumwona mtu akibadilika hivyo. Yule bibi mnung'unikaji akawa mikono tu. Muda kidogo wanawake wakachungulia, halafu wanaume wakatoka porini wakijifanya walikuwa wanatafuta kuni. Hakuna serikali inayosafiri na ngoma za unyago. Walicheka, wakatupa maji, wakatupa na ming'oko ya kuchemsha sinia zima. Ni mizizi ya porini, ukiipata ya moto na chumvi huhitaji kitu kingine. Zuhura anaipenda sana. Nilimenya mmoja, nikamenya wa pili, na mtu mmoja akaniuliza kwa nini namenya bila kula. Nikamenya wa tatu.

Tukalala pale.

Kiswere

Jumanne tuliendelea vile vile. Mara ya tatu ya kusimama, nilikuwa nimeinamia injini, jasho linaingia machoni, Bi Somoe akasema kutoka kivulini:

“Fundi, hilo lori lina shida ya pumzi.”

“Ni plagi, Bibi.”

“Mimi nasikiliza mapigo tangu sijavunja ungo. Likianza kuugua halikosi pigo moja, linafifia lote, kama mtu anayebanwa kifua. Na ukifungua kile kifuniko kule nyuma linavuta pumzi. Fyuu. Nimelisikia mara zote. Umeshawahi kusafisha hizo plagi bila kufungua kifuniko?”

Ningesimama hapo hapo nikalifikiri swali hilo, ningekuwa Mitwero Jumatano. Niliinua kichwa nikamwambia, kwa adabu ya juujuu, “Bibi, hii ni mashine. Ngoma zako ziko nyuma.”

Hakukasirika. Alitema tambuu yake, akanitazama kidogo, akasema, “Haya, baba.” Mponda alijifanya anakaza kamba ambayo ilikuwa imekazwa.

Tuliingia Kiswere jioni tukiwa na mzigo wa tajiri: majora ya kitambaa na madebe ya mafuta ya taa. Mwenye duka alikuwa ameyangoja sana. Hapo hapo akachukua msumari, akatoboa debe moja matundu mawili, akaanza kuwapimia watu waliokuwa wamepanga foleni na vibatari vyao. Tulikula kwake bada la moto, ugali wa muhogo, na samaki wa nazi. Nikamwambia shida yangu, akatikisa kichwa kama mganga.

“Petroli yako chafu,” akasema. “Ina maji.”

Nililipenda neno lile kwa sababu lilimtia makosani mtu mwingine. Jumatano yote nikamwaga petroli, nikaosha tangi, nikachuja kila tone kwa kitambaa cha kilemba mara mbili. Jioni nikalijaribu, nikazunguka nalo mnazini, likaenda kama jipya. Usiku ule nililala kwa furaha. Alhamisi alfajiri tukaondoka, hatujafika mbali likakohoa, likazima kabisa. Tangi sikulifungua kupima, petroli nilikuwa nimeichuja mwenyewe. Watu wa Kiswere wakatusukuma kuturudisha, wanaimba.

Hapo ndipo nikaamua ni kabureta. Nilitandika mkeka mbele ya duka, nikaifungua kabureta yote, kila skrubu na kila kijitundu. Nikawa nakaa na vipande vyangu kama mtu anayecheza bao peke yake. Nakumbuka adhana ya adhuhuri ilipolia, nilikuwa nimeweka mdomo kwenye kijitundu kimoja napuliza, napuliza, machozi yananitoka kwa petroli. Nikasema moyoni, nikimaliza hiki nitaswali. Niliswali karibu na alasiri.

Mponda akaja akachuchumaa kando yangu.

“Fundi, leo ni Alhamisi.”

“Najua.”

“Jumapili si siku tatu tu?”

“Mponda, najua kuhesabu.”

Halafu akasema, “Zile ndimu nimezihamishia kivulini. Chini ya kiti pana joto.” Nikaona aibu, maana mimi siku mbili nzima sikuzikumbuka.

Mbwemkuru

Ijumaa tuliondoka mapema. Mto Mbwemkuru ulikuwa umepungua, maji ya magotini katikati na mchanga mpana pande zote mbili. Tulivuka vizuri. Kwenye mchanga wa ng'ambo, tukiwa tumebakiza hatua chache kufika ardhi ngumu, lori likakohoa, likafifia, likafa.

Sikushuka. Nilikaa nimeshika usukani. Plagi nimesafisha, petroli nimechuja, kabureta nimeifungua mpaka roho yake. Sikuwa na jina la kitu kingine cha kulaumu. Nikamwona Zuhura anafunga mlango wa uani pale kwao, kama anavyofunga kila jioni, kwa kuusukuma na kiwiko kwa sababu mikono ina ndoo. Nikalia, basi. Andikeni kwamba fundi Issa alilia Mbwemkuru, mkitaka.

Bi Somoe alikuwa bado amekaa kando yangu. Aliningoja nimalize. Kisha akasema, taratibu:

“Fundi, mwenye duka kule Kiswere alipofungua debe la mafuta ya taa, alitoboa matundu mangapi?”

“Mawili.”

“Moja la kumiminia. La pili la nini?”

“La kuingiza hewa. Bila hilo mafuta hayatoki.” Nilijibu bila kufikiri, kila mtu anajua hivyo.

“Na tangi lako lina matundu mangapi?”

Nilishuka. Nilikwenda nyuma nikakifungua kile kifuniko, na safari hii nikasikiliza. Fyuu, likavuta pumzi kama alivyosema. Nikakigeuza. Ule mpira wangu wa tyubu, niliouonyesha watu, ulikuwa umeziba kijitundu cha hewa ambacho mtengenezaji alikiweka hapo kwa makusudi. Petroli inatoka, hewa haiingii, mpaka tangi linabanwa, na injini inakosa cha kunywa. Kila niliposimama nilifungua kifuniko kupima, hewa ikaingia, halafu nikasafisha plagi nikazisifu plagi. Kila kitu nilikikagua isipokuwa kile nilichokitengeneza mwenyewe.

Nikaung'oa kwa meno. Nikapiga hendeli, lori likawaka, likapanda kutoka mchangani bila kuguna. Nilirudi kwa Bi Somoe nikapiga magoti mchangani.

“Nisamehe, Bibi. Ulinisemesha Jumanne.”

“Nilikusemesha,” akasema. “Inuka. Mbona unalilia lori kama mtoto? Kuna nini Mitwero?”

Nikamwambia yote. Barua, miezi mitatu, Jumapili. Alikuwa anaviringisha tambuu, mkono wake ukasimama.

“Miezi mitatu kakuambia nani?”

“Nimesikia tu.”

“Hiyo ni eda ya mwanamke asiyeona siku zake. Mkeo ni kijana. Yeye anahesabu kwa mwili wake, twahara tatu baina ya siku zake, si kwa mwezi wako wa juu. Huenda ana wiki nzima mbele, huenda amekwisha. Ajuaye ni yeye.” Akaniinamia. “Na maneno ya kurejea umeshayatamka?”

“Si ndiyo nakwenda kumchukua.”

“Sikuulizi kwenda. Nakuuliza kutamka. Kumwacha ulikwenda?”

“Niliandika.”

“Basi na kurejea ni maneno vile vile. Ungeyasema palepale Kivinje mbele ya watu wawili, ukamtumia habari. Huyu mke ungekuwa umeshamrejea tangu wiki ya kwanza. Yaseme. Yaseme sasa hivi.”

Mponda akavua kofia, sijui kwa nini, labda ndivyo wanavyofanya kwao. Jua lilikuwa kichwani. Nikasema: nimemrejea mke wangu Zuhura binti Bakari katika ndoa yangu. Sauti yangu mwenyewe ilinishangaza, ilikuwa ndogo. Bi Somoe akasema amesikia. Mponda akasema naye amesikia, kama ushahidi wake unafaa.

Kutoka hapo mpaka Mitwero lori halikukohoa hata mara moja. Mponda aliimba nyimbo zao za kanisani kule nyuma, Bi Somoe akampigia ngoma. Mimi nilikuwa nakula barabara kwa macho. Nilikuwa na hakika. Nawaambieni, katika maisha yangu sijawahi kuwa na furaha kama niliyokuwa nayo zile saa za Ijumaa mchana.

Mitwero

Baba mkwe wangu, Mwalimu Bakari, ana chuo cha watoto palepale uani kwake. Alikuwa ametoka kuswali alasiri. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akatukaribisha barazani, akaagiza maji ya kunawa miguu. Kisha chakula. Mgeni hasemi shida yake kabla hajala, na mimi nilikuwa mgeni sasa. Wakaleta wali wa mbaazi. Kutoka jikoni nikasikia mfuniko unagongwa kwa mwiko, mara tatu. Nikalirudisha tonge siniani. Mponda alikula changu na chake.

Bi Somoe alikuwa ameshapokelewa ndani na wanawake. Tulipomaliza nikasema lililonileta. Nikasema nimejuta, na kwamba leo adhuhuri, kwenye mchanga wa Mbwemkuru, nimemrejea mke wangu kwa maneno. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akamwita binti yake.

Zuhura alikuja akasimama nyuma ya pazia la mlango. Niliona vidole vya miguu tu, na upindo wa kanga ambayo siijui, mpya.

“Issa anasema amekurejea leo adhuhuri,” baba yake akasema. “Ulikuwa edani?”

Vidole vya mguu mmoja vikapanda juu ya vingine, kama anavyofanya akifikiri.

“Nimetoka jana,” akasema. “Jana adhuhuri.”

Mwalimu Bakari akafuta uso kwa kiganja. Aliniambia, kwa upole ambao ungekuwa rahisi zaidi kama ungekuwa ukali, kwamba katika jambo hili neno la mwanamke ndilo linalokubaliwa, na kwamba aliyoyatamka mume wa zamani kule Mbwemkuru hayana mke wa kuyapokea. Mlango wa posa haujafungwa, akasema. Ndoa mpya inawezekana, mahari mapya. Lakini huo ni mlango wake mwenyewe Zuhura, yeye baba hatausukuma.

Mimi nilikuwa bado niko kwenye lile neno. Jana adhuhuri. Nilikuwa mkekani Kiswere, napuliza kabureta isiyo na ubaya wowote.

Mwalimu akasogea mwisho wa baraza na msahafu wake, akatupa nafasi huku anatuona. Nikaifungua ile kanga ya Zuhura, nikaisukuma chupa ya ndimu mpaka kwenye pazia. Mkono ukatoka ukaichukua.

“Ulibakisha?” akasema.

“Nilikuwa nakula moja kila Ijumaa. Leo sikula.”

Nikamwambia kwamba lori lilikuwa bovu, kwamba nimetoka Kivinje tangu Jumatatu, kwamba nilidhani nina siku mpaka Jumapili. Nikamweleza na kifuniko. Nilikuwa najisikia ninavyosema, na sikuweza kuacha.

“Issa,” akasema. Aliniita kwa jina, zamani alikuwa haniiti hivyo. “Kila dereva aliyetoka Kivinje nilimpelekea maji ya kunywa mwenyewe, nisikie kama ana maneno yangu. Miezi yote hii. Mama akawa ananicheka. Nilikuwa nangoja neno. Wewe ukaniletea lori.”

“Sikujua kwamba neno linatosha.”

“Ungeuliza.”

Pazia likatulia. Vidole vya miguu vikaondoka.

Kurudi

Tulishusha mzigo wa Lindi Jumamosi, tukapita Mitwero Jumapili asubuhi kumuaga mzee. Ile ile Jumapili niliyoihesabu kwa mwezi. Nilimkuta Bi Somoe uani anakaza ngozi za ngoma zake juu ya moto wa makuti. Amelala chumba cha wanawake siku mbili, anakula nao, anaswali nao. Nikamwuliza chini chini kama ni kweli, Alhamisi.

“Kazi yangu ni kuwafundisha wanawake kutunza siri,” akasema. “Unataka nianzie kwako kuzivunja?”

Akaendelea na moto wake. Kwa hiyo sijui. Labda ni Alhamisi kweli. Labda ni siku nyingine, au haijafika bado, na yeye alitazama kutoka nyuma ya pazia akachagua siku ya kunipa. Nimeligeuza hili kila upande na silaumu. Haki ya kulisema ilikuwa yake.

Nilikuwa nimeshapanda lori, Mponda anapiga hendeli, Zuhura akatoka. Akaja mpaka mlangoni kwangu, baba yake anatazama kutoka barazani. Alikuwa amekonda kidogo. Alikuwa na ile chupa mkononi, imejaa ndimu mpya, kijani kibichi, zimekatwa alama ya msalaba na kutiwa chumvi na pilipili.

“Hizi mbichi,” akasema. “Wiki sita juani. Kila asubuhi ulegeze kifuniko zipumue, halafu ufunge. Usizile kabla.”

“Zile tatu je?”

“Nimezila.”

Injini ikawaka, safi, bila hata kutetemeka. Sijawahi kuichukia injini nzuri kama siku ile. Nilitamani ikohoe, izime, nipate sababu ya kushuka. Ilibidi niinue sauti.

“Na zikiiva?”

Alikuwa ameshageuka. Alisimama, akanitazama juu ya bega.

“Zikiiva uniandikie,” akasema. “Kuandika unajua.”

Tulitumia siku mbili kurudi. Kiranjeranje walitambua lori kwa ukimya wake, wakatoka wenyewe na ming'oko. Nilikula. Pale Nangurukuru Mponda alisema tu kwamba mwaka huu mvua zitachelewa.

Sasa mmejua ya Mitwero, na mmejua ya chupa. Leo ni siku ya kumi na tisa. Asubuhi nimelegeza kifuniko, nikakifunga, nikaigeuza upande uliokuwa kivulini uelekee jua. Ndimu bado ngumu. Barua nimeshaandika mara nne na kuchana mara nne, kwa sababu ile ya talaka ilikuwa na mistari mitatu, na mistari mitatu ndiyo inayonitoka upesi. Kwa hiyo mtu asiiguse ile chupa. Na kama kuna dereva yeyote kati yenu atakayekwenda Lindi baada ya wiki nne, apite hapa kwanza kabla hajaondoka.